Akiba ya Siku Kumi na Tisa

1

Nilipoona alama ya Kaunti ya Vihiga ni tisini na moja kwa mia, nilichofanya kwanza ni kuupiga mtambo kofi. Haikusaidia. Tisini na moja ilibaki pale pale kwenye kioo, ya kijani kibichi, haina haya wala soni.

Mimi ni mpimaji wa Tume ya Makazi ya Dharura, mwaka wa kumi na moja huu. Nimepima nyanda ambazo mtu hutembea siku mbili asikutane na jirani, na hizo zilipata sabini kwa taabu. Sasa Vihiga! Mahali ambapo ukipiga chafya jikoni kwako, nyumba tatu zinakusikia. Mahali ambapo shamba la babu limegawanywa kwa wana, likagawanywa kwa wajukuu, likagawanywa tena, hadi likawa kipande cha hatua thelathini kwa ishirini, na juu ya kipande hicho kuna nyumba, jiko, choo, ng'ombe mmoja, migomba, na mistari miwili ya chai ya kujionyesha. Vihiga naijua vizuri kwa sababu ndiko kwetu. Nilizaliwa chini ya yale mawe makubwa ya Maragoli, na nilikuwa nimejiandaa kuipa alama ishirini na kitu, nilie kidogo ndani ya gari, kisha niendelee na kazi.

Sheria za Tume ni fupi. Kila boma linapimwa kwa mambo manne: maji, udongo, akiba ya chakula, na umbali wa jirani. Hili la nne ndilo lililonitia kinyaa tangu siku ya kwanza. Mwongozo unasema kwamba katika janga jirani ndiye mwizi wa kwanza, kwa hiyo kila jirani aliye ndani ya hatua hamsini anakupunguzia alama mbili. Mwongozo haumwiti jirani. Unamwita mzigo. Mama Jerida, aliyeninyonyesha pamoja na mwanawe wakati mama yangu alipokuwa na homa, ni mzigo, toa mbili. Nilipousoma mwongozo huo mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilichefuka. Mara ya tatu niliutia sahihi, kwa sababu nilitaka kazi.

Mpaka ni hamsini, na hakuna katikati, nilishauliza. Kaunti ikipata chini ya hamsini inafutwa. Haijengewi ghala la mahindi, na mvua zikikata barabara hakuna lori litakalokuja wala ndege itakayodondosha gunia. Ikipata hamsini kwenda juu inatangazwa kuwa inafaa. Hapo ghala linajengwa, dawa zinakuja, na pamoja nazo wanakuja watu wa mijini wenye vibali vya kujisitiri, kila mmoja na boma lake. Wenyeji wanapakiwa kwenye malori na kupelekwa kambi za nyanda kame, na kadi ya mgao mkononi. Wanakula, ndiyo. Wanakula wakitazama mchanga.

Miaka sita iliyopita Vihiga ilipata ishirini na nane, ikafutwa. Sikupima mimi, lakini nilikuwa ofisini, chumba cha pili, nikinywa chai. Mvua zikaja, mlima ukateremka juu ya barabara, na kwa wiki tisa hakuna kilichoingia wala kutoka. Nilipofika hatimaye kwa miguu, nilimbeba mama mgongoni hadi zahanati. Mizani ilisema kilo thelathini na nane. Akafa kesho yake. Tangu siku hiyo sipandi mizani.

Basi nilikaa ndani ya gari na ile tisini na moja yangu, nikaanza kuichambua. Maji, sawa. Udongo, hivi hivi. Majirani, aibu tupu. Lakini akiba ya chakula, ambayo mwongozo huipa uzito kuliko mengine yote matatu, ilikuwa mia kwa mia, na chini yake mtambo uliandika: *Maghala ya chini ya ardhi, 61,408.*

Sijawahi kuona ghala la chini ya ardhi Vihiga. Nikafungua picha ya lililokuwa karibu. Ghala nambari 4117. Urefu mita mbili na robo, upana mita moja, kina mita moja na nusu. Kuta za saruji. Mfuniko wa saruji wenye vigae vya buluu. Mahindi makavu yameonekana juu ya mfuniko.

Vigae vile nilivichagua mimi, dukani Chavakali. Lile lilikuwa kaburi la mama.

2

Mtambo wetu tunauita Kware. Ni mkubwa kama sanduku la safari, unaruka chini chini, na kila baada ya hatua kadhaa unatua na kuipiga ardhi kishindo kidogo, kisha unasikiliza jinsi kishindo kinavyorudi. Hivyo hujua kama chini kuna mwamba, maji, au shimo lililojengewa. Jicho lake la juu hutazama kilichopo usoni pa ardhi. Akikuta chumba cha saruji chini na nafaka juu, anaunganisha mambo mawili na kusema: ghala.

Waliomtengeneza hawakuwa wajinga. Walikuwa watu ambao wafu wao huchomwa, au hulazwa pamoja kwenye uwanja mmoja mbali na jiko la mtu yeyote. Nani angewaambia kwamba sisi humzika mtu wetu mbele ya nyumba yake, hatua nane kutoka mlangoni, ili atakayekuja kuuza shamba amruke kwanza? Na nani angewaambia kwamba katika kipande cha hatua thelathini kwa ishirini, kaburi lenye saruji ndilo mahali pekee palipo pakavu, safi na sawasawa, kwa hiyo ndipo tunapoanika mahindi? Hatuoni ubaya. Mama mwenyewe alianika juu ya baba kwa miaka kumi na miwili, na alikuwa akimsalimu kila akimwaga.

Nilimkuta Shangazi Mmbone, dada yake baba, akiyageuza mahindi kwa mguu. Ana miaka sabini na minne na ndiye anayelishika boma letu tangu mama aondoke.

"Umekonda," alisema. "Huko serikalini hamli?"

"Shikamoo, Shangazi. Ule mtambo ulipita hapa?"

"Marahaba. Ulipita. Ulimkanyaga mama yako mara tatu, du, du, du. Nikaurushia mwiko."

Nikamweleza. Nilimweleza polepole, maana mimi mwenyewe sikuwa nimeamini. Alisikiliza, mguu umesimama katikati ya mahindi. Kisha akacheka. Alicheka hadi akakaa kwenye ukingo wa kaburi, akajifuta machozi kwa leso.

"Ati ghala! Woi, wifi yangu. Umekuwa tajiri ukiwa umelala."

"Shangazi, si mchezo. Jumamosi wanakuja wenye vibali kutazama maboma. Na ghala lazima likaguliwe."

"Likaguliwe namna gani?"

"Lifunguliwe."

Kicheko kilikatika. Aliokota punje zilizoanguka kwenye nyasi, moja moja, akizirudisha juu ya vigae.

"Alidhoofika akilamba chumvi," alisema mwishowe. "Ulikuwa hujafika. Tulikuwa tunampa maji ya chumvi tu, ili kinywa kisahau. Leo wanataka kumfunua watafute chakula ndani yake." Alitema mate pembeni, mbali na kaburi. "Hao watu hawana mama?"

Nikamwambia upande wa pili, kwa sababu sikutaka kuubeba peke yangu. Nikisahihisha, alama inarudi ishirini na kitu. Kaunti inafutwa mara ya pili. Mvua kubwa zinasemwa zitaanza Aprili, na tulikuwa tayari Machi.

"Kwa hiyo nikinyamaza mnahamishwa, na mama anafukuliwa. Nikisema, mnabaki hapa bila ghala, kama wakati ule."

"Na wewe umekuja kuniuliza mimi nichague?"

"Nimekuja tushauriane."

"Usinishauri. Si uliwahi kuniambia kitabu chenu kinaniita mzigo? Mzigo haushauriwi. Mzigo hubebwa au hutuliwa." Aliinuka, akashika ufagio. "Ondoa mguu wako, unanikanyagia mahindi."

3

Mkuu wetu, Daktari Chagala, alikuwa amepiga hema lake la ofisi kwenye uwanja wa Mbale, makao makuu ya kaunti. Nilimkuta anakula kuku. Anakula vizuri, Daktari. Anavunja mfupa, anaunyonya, anauweka kwenye kitambaa cheupe, anajipaka dawa ya kuua viini mikononi, kisha anachukua mfupa mwingine. Harufu ya ile dawa na mafuta ya kuku ilinipanda kichwani.

"Tisini na moja!" alisema kabla sijakaa. "Kadenyi, nilisema siku zote kwetu kuna baraka."

"Daktari, yale si maghala. Ni makaburi."

Aliendelea kutafuna. Nilidhani hakusikia, nikarudia. Akanyoosha kidole chenye mafuta nisubiri, akameza.

"Mimi ni mtu wa Sabatia, hapa hapa Vihiga," alisema. "Unadhani sijui kaburi?"

Kuna hasira inayokuja moto na kuna inayokuja baridi. Hii ilikuja kama maji ya mtaro, chafu na vuguvugu, nikaisikia hadi kooni.

"Ulijua?"

"Nilijua tangu wiki ya kwanza. Nilitazama picha moja nikasema, hilo kaburi. Kisha nikasema, ngoja. Hebu fikiria badala ya kununa. Kwa miaka kumi watu kama sisi tumekuwa tukipimwa na vitabu vya watu wanaoishi peke yao juu ya kilima na mbwa wao. Kila tukipimwa tunafutwa, kwa sababu tuko wengi. Kosa letu ni kuzaliana na kupendana. Sasa mtambo wao wenyewe umetupa alama. Mimi niukatalie?"

"Watu watahamishwa."

"Wakiwa hai. Umeisikia hiyo? Wakiwa hai. Wewe ukisahihisha, watabaki kwao na watafia kwao. Ulimbeba mama yako, si ndiyo? Umesahau alivyokuwa mwepesi?"

Sikuwa nimesahau. Ndiyo ubaya wa watu kama Chagala: wanachukua kweli yako, wanaipaka mafuta yao, wanakurudishia, na inakuwa huwezi kuishika tena.

"Na makaburi?"

"Yatahamishwa kwa heshima. Kuna kampuni. Wana mifuko mizuri." Akajipaka dawa tena. "Jumamosi tunafungua moja mbele ya wageni. Kwa siri litakuwa limeshasafishwa Ijumaa na kujazwa mahindi, usiogope. Wewe utajaza fomu ya yaliyomo, unatia kidole, basi. Nimechagua 4117. Lina vigae vizuri."

"Hilo ni la mama yangu."

Aliacha kutafuna. Nakiri aliacha. Alinitazama kwa macho ya huruma kabisa, kisha akasema, "Pole sana. Tuchague la jirani?"

Na hapa ndipo ninapojichukia mwenyewe hata leo. Sikumtupia kile kitambaa cha mifupa usoni. Nilifikiria. Kwa muda wa pumzi mbili nilifikiria kaburi la mzee Egesa, mume wa Mama Jerida, lililoko ng'ambo ya ua wetu, lisilo na vigae lakini lenye saruji nzuri. Niliona jinsi ingekuwa rahisi. Nyani haoni kundule, wanasema. Mimi siku ile nililiona langu, lote.

"Hapana," nilisema. "Acha liwe lile lile. Lakini msiliguse Ijumaa. Nitaijaza mimi fomu yake, na wageni watafungua wenyewe. Wakifungua wao wataamini zaidi."

Alitabasamu, meno yakang'aa mafuta. "Ndiyo sababu nakupenda, Kadenyi. Una akili ya kwetu."

4

Wageni saba walikuja Jumamosi mchana, katika magari mawili yasiyo na kelele. Viatu vyao vilikuwa vipya, vile vya kupandia mlima, na suruali zenye mifuko mingi kama kwamba janga lingeanza kabla ya chakula. Chagala alikuwa ametandika meza chini ya turubai, hatua sita kutoka kwa mama. Kulikuwa na nyama ya kuchoma, wali, na maji ya chupa. Shangazi alikaribishwa mezani akakataa. Alikaa kwenye kigoda mlangoni pake, leso kichwani, akitazama nyumba yake ikitazamwa.

Sikuwa nimemweleza ninachokusudia. Nilikuwa nimemwuliza jambo moja tu, asubuhi: "Shangazi, mkiachwa bila ghala, mtaniita muuaji?" Alijibu, "Nitakuita mtoto wa wifi yangu Kageha. Sasa toka, nifagie."

Mwanamke mmoja mwenye miwani ya dhahabu alizunguka boma akihesabu hatua kwa sauti. Aligonga ukuta, akanusa maji ya pipa, akauliza kama udongo una minyoo.

"Na hawa," alisema, akionyesha ua kwa ncha ya kiatu, ambako Mama Jerida na wengine walikuwa wamesimama kutazama, "wataondoka lini?"

"Kabla ya mvua," Chagala alisema.

"Wote? Mimi siwezi kuishi na watu wananichungulia sahani."

Mwanamume mrefu, mumewe nadhani, alipanda juu ya kaburi, akayapiga mahindi kwa kiatu yakatawanyika, akagonga vigae kwa kisigino. Alisikiliza. "Limejaa," alisema kwa furaha. "Lingekuwa tupu lingelia."

Shangazi alishika goti lake kwa mikono miwili. Sikumtazama usoni.

Chagala akanipungia mkono. Kware alitua karibu na kaburi, na kila mgeni akatoa kioo chake mfukoni ili aone fomu ikijazwa. Ndivyo mauzo yanavyofanywa: mpimaji anajaza, mtambo unasoma kwa sauti, kila mtu anaona, na kinachojazwa kinaingia Tume papo hapo bila kupita kwa mkuu yeyote. Wageni walikuwa wameshaanza kula.

Fomu inauliza aina ya akiba. Mahindi, maharage, maji, mafuta, chakula kingine. Hakuna neno kaburi. Nilishalitafuta usiku na mchana, halimo. Nikabonyeza *chakula kingine*. Ikauliza jina. Nikaandika: Esteri Kageha. Ikauliza uzito. Nikaandika: kilo thelathini na nane.

Kware ana sauti nzuri ya kike, tamu, ya mtu asiyewahi kuugua. Mwongozo umempa kipimo cha nusu kilo kwa mtu kwa siku. Akasema:

"Asante. Esteri Kageha. Akiba hii itatosha watu wanne kwa siku kumi na tisa."

"Kageha ni mbegu gani?" aliuliza mwanamume mrefu, sahani mkononi, bado juu ya kaburi, mdomo umejaa.

"Ni mama yangu," nikasema. "Umesimama juu ya kifua chake. Hiyo ni thelathini na nane pamoja na nguo. Tulimpima akiwa na gauni."

Aliteremka haraka hadi akateleza kwenye mahindi. Mwenye miwani alisema, "Samahani, sijaelewa." Nikaona ataelewa vizuri zaidi kwa Kware kuliko kwangu. Nikaenda kwenye ghala lililofuata, 4118, kando ya mama. Chakula kingine. Asava Lugalia, baba yangu. Kilo sabini.

"Asante. Asava Lugalia. Akiba hii itatosha watu wanne kwa siku thelathini na tano."

"Zima hiyo!" Chagala alisema. Alikuwa amesimama, kipande cha nyama bado mkononi. "Kadenyi, zima!"

Sauti ikatoka ng'ambo ya ua. Nimesema mwanzo kwamba kwetu ukipiga chafya nyumba tatu zinakusikia. Mama Jerida alikuwa ameshika ua kwa mikono yote miwili.

"Andika mzee wangu," alisema. "Egesa. Alikuwa mtu wa mwili. Weka sitini."

Niliandika. Kware akashukuru, akatoa siku thelathini.

"Andika Kisia wangu!" mtu mwingine alisema nyuma yake. "Andika Mama Vihenda!" Walikuwa wanakuja kutoka maboma ya juu na ya chini, mizigo yote, toa mbili, toa mbili, toa mbili, na kila mmoja alikuwa na jina na kilo. Hawakupiga kelele. Waliyataja kama watu wanaoandikisha wageni wa arusi. Mimi nilibonyeza, Kware akashukuru. Kisha Mama Jerida akasema, kwa sauti ya chini kidogo:

"Na yule wangu mdogo. Hakuwa na jina bado. Walimpima zahanati. Kilo tatu."

Nilitaka kuacha pale. Lakini alikuwa ananiangalia, na mimi ndiye niliyeanza.

"Asante," Kware alisema. "Mtoto. Akiba hii itatosha watu wanne kwa siku moja na nusu."

Mwanamke wa miwani ya dhahabu alitapika juu ya meza. Alitapika wali na nyama, akajifuta kwa mkono, akatapika tena. Wenzake walikuwa wameshasimama. Mmoja alikuwa analia, na sitamnyima hilo, alilia kwelikweli. Magari yasiyo na kelele yaliondoka kwa kelele. Viti vilianguka. Nyama ilibaki kwenye sahani, na nzi wakaja, kwa sababu nzi hawapimi mtu.

Chagala hakunipigia kelele. Alijipaka dawa mikononi, polepole, mpaka kwenye viwiko.

"Umefanya vizuri sana," alisema. "Umewatapisha matajiri. Sasa hesabu watoto walio kwenye ua huu, na Aprili ikiisha uhesabu tena. Hiyo fomu utajaza wewe."

Aliingia garini. La kuvunda halina ubani, lakini lile alilolisema halikuwa limevunda lote, na analijua hilo.

Shangazi alikuwa ameshainuka. Alikuwa amepiga magoti kando ya kaburi, anaokota mahindi yaliyotawanywa na kile kiatu.

5

Tume ilirekebisha kimya kimya. Kwenye kumbukumbu zake waliandika "kosa la mtambo", wakayafuta maghala yote elfu sitini na moja mia nne na nane, na alama ikawa ishirini na tatu. Mimi walinifuta kazi siku hiyo hiyo. Ujumbe wa Shangazi ulikuja kwenye simu yake ya kubonyeza, akanipa nimsomee: *Boma lako halifai kwa makazi ya binadamu wakati wa dharura. Unashauriwa kutafuta makazi mengine.*

"Wajibu," alisema.

"Haujibiwi huo."

"Basi usinisomee vitu visivyojibiwa."

Hakunishukuru wala hakunilaumu. Alinionyesha mstari wa kunde wa kupalilia na mahali pa kulala. Majirani wengine walinisalimu, wengine hawakunisalimu. Baba mmoja mwenye watoto watano alinisimamisha njiani akaniuliza kwa upole kama kambi za nyanda kame zilikuwa mbaya kweli. Nilimwambia nimeziona, ni mbaya. Akasema, "Lakini wanakula?" Nikasema wanakula. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Mvua haikungoja Aprili. Ilikuja tarehe ishirini na saba Machi, saa tisa alasiri, tukiwa tumeanika. Tulikimbia na mabeseni, mimi na Shangazi, tukikomba mahindi juu ya mama kwa viganja, na kabla sijaita mtu Mama Jerida alikuwa ameruka ua na binti yake Jerida, wamevua leso zao, wanakomba nasi. Tulimaliza matone yakiwa makubwa kama punje. Beseni la mwisho tuliliingiza jikoni sote wanne.

Ilinyesha bila kupumua. Kama saa kumi na moja tukasikia mngurumo upande wa Mbale, mrefu, wa kitu kizito kinachoteremka bila haraka. Tuliujua. Jerida alitoka nje na gunia kichwani, akarudi baada ya muda, matope hadi magotini.

"Barabara imekwenda," alisema.

Shangazi alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka. Unga ule ulitoka kwenye mahindi ya wiki iliyopita, yaliyokauka pale pale nje. Akaupakua, akautenga na mboga za mrenda, akatuita. Tulikuwa wanne kuzunguka sahani moja. Nilitazama magunia yaliyoegemea ukuta, moja na nusu, na kichwa changu kikaanza kazi yake kiliyofundishwa miaka kumi na mmoja: nusu kilo kwa mtu, watu wanne. Nikakisikia kile kisauti kitamu, kile cha mtu asiyewahi kuugua, kinajiandaa kushukuru. Nikamwona mama, gauni na yote, juu ya mizani.

"Kadenyi," Mama Jerida aliniambia, "mkono wako uko wapi?"

Nilimega tonge. Nililiweka kinywani, nikalishikilia bila kutafuna. Nikaziba mdomo kwa kiganja. Nje maji yalikuwa yanagonga vigae vya buluu, tulivisikia wote.

Shangazi alinitazama bila huruma, akasukumia upande wangu kipande cha ugali, kile kikubwa.

"Meza," akasema.

Nikameza.